Google Maps, OpenStreetMap au Garmin: ramani ipi ya kuiamini barabarani Tanzania?

Madereva, wasambazaji wa mizigo na watu wa miradi ya vijijini huniuliza swali moja: ninunue kifaa gani cha GPS ambacho hakitanipoteza? Kabla ya kutaja kifaa chochote, mimi huuliza unakwenda wapi. Kifaa cha shilingi laki nane na simu ya laki mbili vinaweza kukupeleka kwenye shimo lilelile kama ramani iliyomo ndani ni ileile. La muhimu ni nani aliyeichora sehemu unayokwenda, na ni lini mtu aliirekebisha mara ya mwisho.

Tuanze na setilaiti, maana wauzaji hupenda sana kuzitaja. Leo simu za kawaida husoma GPS ya Marekani pamoja na GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Mpaka tarehe 2 Mei 2000 Marekani ilikuwa inaivuruga kwa makusudi ishara ya GPS inayotumiwa na raia, na kosa liliweza kufika mita 100. Siku ile uvurugaji ulipozimwa mambo yalibadilika, na sasa simu ikiwa mahali pa wazi hukosea kwa mita kama 5 hivi. Kariakoo na Posta, kati ya maghorofa, mawimbi hugonga kuta kwanza ndipo yakufikie, kwa hiyo nukta yako inaweza kuruka ikaonekana mtaa wa pili. Pale Ubungo kwenye daraja la Kijazi, barabara zimepandana ngazi tatu, na urefu kwenda juu ndicho kipimo ambacho GPS hukikosea zaidi. Ndiyo maana sauti inaweza kukuambia ukate kulia wakati wewe uko juu na kona iko chini. Matatizo haya yanazikumba simu na vifaa vya GPS vya Garmin vilevile, kwa hiyo setilaiti zisikuchagulie kifaa. Tulinganishe barabara zilizochorwa, kisha tulinganishe pini, yaani alama za mahali: sheli, zahanati, gesti, benki, geti la hifadhi.

Mjini: Google inaongoza, lakini pini zake zinahitaji macho

Kwa Dar es Salaam, Arusha au Mwanza mjini, ukitafuta biashara, Google Maps iko mbele ya wote. Wenye maduka hujisajili wenyewe, wateja huweka picha na maoni, na mwendo wa simu zilizo barabarani ndio unaoiambia programu kuwa foleni imeanza. Hakuna ramani nyingine hapa inayopata taarifa nyingi hivyo kila siku. Waze, programu ya kuongoza madereva ambayo Google iliinunua mwaka 2013, nayo huishi kwa taarifa za madereva, kwa hiyo wanaoitumia wakiwa wachache nayo hukonda.

Udhaifu wa Google unatokana na nguvu hiyohiyo. Kila mtu anaweza kuweka pini, na wengi huziweka wakiwa wamekaa nyumbani. Mwenye duka akiandika "Sinza" tu bila kusogeza alama, duka lake linaweza kuangukia katikati ya kata, mbali kabisa na mlango wake. Duka lililofungwa huendelea kuonekana hadi mtu ajitolee kusema limefungwa, na hospitali moja huweza kuwa na pini mbili au tatu, kila moja na jina lililoandikwa tofauti kidogo.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka, ikague pini. Ifungue, uangalie maoni ya mwisho ni ya lini. Tafuta picha inayoonyesha kibao cha mahali hapo, kwa sababu picha ya chakula au ya watu haikuthibitishii eneo. Kisha badilisha ramani iwe picha ya setilaiti, uvute karibu. Pini iliyowekwa na mtu aliyesimama pale hukaa juu ya paa au getini. Ukiikuta katikati ya barabara, kwenye kiwanja kitupu au juu ya mtaro, piga simu kwanza. Kazi hii haimalizi dakika mbili, na inaokoa mafuta mengi.

Jambo la pili la mjini ni jinsi tunavyoelekezana. Hakuna anayekwambia jina la barabara. Utaambiwa Buguruni Sheli, Magomeni Mapipa, Tabata Bima, Sinza Kumekucha, Tegeta kwa Ndevu, halafu ukifika hapo upige simu. Majina ya vituo vya daladala ndiyo anwani yetu halisi, na mengi yamo kwenye Google na pia kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuichora. Tofauti iko kwenye kutafuta: Google hukisia unachotaka hata ukikosea herufi, ilhali programu za OpenStreetMap hukutaka uandike karibu sawa na aliyechora. Ukikosa "kwa Ndevu", jaribu "Ndevu" peke yake.

Operesheni ya Anwani za Makazi iliyofanyika mwaka 2022, kabla ya sensa ya tarehe 23 Agosti, ilitupatia vibao vya mitaa na namba za nyumba. Namba hizo zitafute kwenye mfumo wa serikali wenyewe, NaPA. Kwenye programu nyingine za ramani, njia salama zaidi ni kuomba lokesheni yenyewe, au ile pluskodi ya Google, yaani msimbo mfupi unaotaja mahali. Msimbo kamili wa tarakimu kumi huonyesha mraba wa takriban mita 14 kwa 14, na hata programu za Organic Maps na OsmAnd, zinazotumia OpenStreetMap, huusoma. Kwa mtu wa kusambaza mizigo, huo unashinda maelezo ya "ukifika kwenye mwembe ukate kushoto".

Uswahilini: hapa OpenStreetMap haina mpinzani

OpenStreetMap ni ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, na mtu yeyote anaruhusiwa kuichora na kuitumia. Yenyewe si programu ya kukuongoza. Unaisoma kupitia programu kama Organic Maps au OsmAnd, au unaipakia kwenye Garmin.

Dar es Salaam ina bahati ambayo miji mingi haina. Tandale ilichorwa na wakazi na wanafunzi tangu 2011, na mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipita mitaani pamoja na wenyeji, wakitumia GPS na picha za ndege zisizo na rubani, wakachora mitaro, vivuko vya miguu, visima na vichochoro. Lengo lilikuwa mafuriko: kujua maji yanapita wapi na nyumba zipi ziko hatarini. Ila faida yake inamfikia hata dereva wa bodaboda leo. Fungua Tandale au Manzese kwenye Organic Maps, vuta karibu, utaona vijia ambavyo havitoshi bajaji, na mahali kijia kinapovuka mtaro. Google sehemu hizohizo hukupa zaidi njia za magari, kisha inakuacha mita mia mbili kabla ya mlango.

Kibera ilifanya hivyo mapema zaidi. Mwaka 2009 vijana wa pale Nairobi, kupitia Map Kibera, waliuchora mtaa wao ambao kwenye ramani nyingi ulikuwa kama eneo tupu. Naitaja kwa sababu inaonyesha kinacholeta usahihi: watu wa mahali wakipita kwa miguu na kuandika wanachokiona.

Angalizo ni kwamba uchoraji huo una tarehe. Mtaa uliochorwa vizuri mwaka 2016 unaweza kuwa na ukuta mpya leo, au nyumba zimebomolewa kupisha mradi. Kwenye tovuti ya OpenStreetMap ukibonyeza barabara au jengo utaona liliguswa mara ya mwisho lini. Google haikuonyeshi tarehe ya barabara namna hiyo, na kwangu mimi uwazi huo ni sababu kubwa ya kuitumia OpenStreetMap hata pale ninapojua Google ina majina mengi zaidi.

Mtihani wa dukani

Kabla ya kulipia kifaa chochote chenye ramani ndani, au kadi ya ramani, kiulize maswali haya ukiwa bado dukani.

Kwanza, mwambie muuzaji aweke safari ya Mwanza kwenda Sengerema. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Kifaa kikikupeleka kupanda pantoni pale Kigongo, ramani yake ni ya kabla ya hapo. Pili, tafuta kituo kikuu cha mabasi cha Dar es Salaam. Tangu 2021 mabasi ya mikoani yanatumia stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Ramani inayokurudisha Ubungo imepitwa na wakati. Tatu, weka safari ya kutoka Hospitali ya Aga Khan kwenda Coco Beach. Daraja la Tanzanite, linalopita baharini, lilianza kutumika mwaka 2022. Mwisho, kwa wanaopeleka watalii kusini, tafuta Hifadhi ya Taifa Nyerere. Ilitengwa kutoka Selous mwaka 2019, na ramani inayoijua Selous peke yake haijaguswa tangu zamani.

Simu yenye Google au Organic Maps iliyosasishwa ndiyo kipimo chako cha kulinganisha. Hapa vifaa vya gari, vya Garmin au TomTom, huumia zaidi. Ubora wa kifaa hausaidii kitu kama ramani imekaa humo miaka bila kusasishwa, na muuzaji wa mtumba hatakwambia. Garmin ukiisasisha kupitia kompyuta inakuwa sawa, ila uliza kama kile unachonunua kina haki ya kusasishwa bure au utalipia kila mara.

Kuhusu navigesheni za magari yaliyotumika kutoka Japani, nitasema kwa ufupi. Ramani iliyomo ni ya Japani, menyu ni ya Kijapani, na mara nyingi kadi au diski yake haipo. Usikubali kuongezewa bei kwa sababu "gari lina navigesheni". Kishikio cha simu kwenye dashibodi kitakufaa zaidi.

Vijijini na hifadhini

Ukiacha lami, mpangilio wa ubora unageuka.

Google vijijini ina majina machache, na makadirio yake ya muda hutegemea simu zinazopita. Njia inayopitwa na gari moja kwa siku haina la kuifundisha. Jina la kijiji nalo huweza kukaa kilomita kadhaa kutoka kilipo, hasa pale vijiji viwili vinapofanana majina, na Tanzania hilo ni la kawaida.

OpenStreetMap inashinda kwa mistari. Vikundi vya kujitolea kama Crowd2Map, kilichoanza mwaka 2015 ili kuwasaidia wanaowaokoa wasichana dhidi ya ukeketaji mkoani Mara, vimechora barabara na makazi ya vijijini kwa wingi kutoka kwenye picha za setilaiti. Kisha wenyeji wenye simu huongeza majina ya shule, zahanati na vitongoji. Pale ambapo wenyeji wamefika, ramani ni ya kutegemewa kabisa. Pale ambapo hawajafika, una mstari usio na jina uliochorwa na mtu asiyewahi kuuona, na kutoka angani njia ya ng'ombe au korongo kavu huweza kufanana sana na barabara. Kwenye OsmAnd, washa onyesho la aina ya barabara na uso wake. Ukiona kipande cha njia hakina aina ya uso wala jina, kichukulie kuwa ni dhana tu mpaka umuulize mtu wa pale.

Tracks4Africa, ramani ya kulipia inayowekwa kwenye Garmin, ilijengwa kwa namna tofauti. Ni wasafiri wa kusini mwa Afrika walioanza kukusanya nyayo za GPS za magari yao, yaani rekodi za njia walizopita. Mstari uliopo humo umepitwa na gari, na muda unaopewa unatokana na mwendo wa magari hayo. Kwenye njia za Serengeti, Ruaha au Katavi, hilo lina thamani kubwa: kambi, mageti, mahali pa mafuta, sehemu za kuvuka mito. Lakini waliochangia wengi ni watalii, na ramani imefuata walikopita. Ukienda kukagua shule kwenye vitongoji vya Kahama, usitarajie itakuwa na mengi ya kukupa. Huko OpenStreetMap ya bure inaishinda.

Ramani zote hizi zina pengo moja kubwa: hazijui mvua. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa haupitiki, hata kama juzi gari lilikimbia hapo kilomita 60 kwa saa. Taarifa hiyo iko kwa askari wa getini na dereva aliyetoka huko asubuhi, na hakuna kifaa kinachoibeba.

Kwa wanaotumia Garmin ya mkononi pamoja na karatasi za ramani za Wizara ya Ardhi, zile za 1:50,000, kuna mtego ambao umewapoteza watu wazima wenye akili zao. Karatasi hizo zilichorwa kwa mfumo wa kupimia mahali uitwao Arc 1960, wakati GPS hutumia mwingine, WGS84. Usipobadilisha mpangilio kwenye kifaa, nukta yako itatofautiana na karatasi kwa takriban mita 300, kiasi cha kukuweka ng'ambo ya mto. Garmin inakuruhusu kuchagua mfumo kwenye mipangilio yake. Programu nyingi za simu hubaki na WGS84 tu.

Mtego mwingine ni namna ya kuandika namba. Katikati ya Dar es Salaam ni nyuzi 6 dakika 49 kusini, na nyuzi 39 dakika 17 mashariki. Mtu akikuandikia kwenye kikaratasi "6.49, 39.17" na wewe ukaziingiza kama desimali, hata ukiweka alama ya kutoa kwenye namba ya kusini, pini itatua baharini, zaidi ya kilomita 35 kutoka mjini. Kwa desimali sahihi inapaswa kuwa kama 6.82 na 39.28, na usisahau alama ya kutoa mbele ya namba ya kusini. Mkubaliane na mwenzako mnatumia mtindo upi kabla hajakutumia chochote.

Bando likiisha

Google hukuruhusu kupakua eneo, lakini bila mtandao inakuongoza kwa gari tu. Hakuna foleni, hakuna njia ya miguu, na eneo ulilopakua huisha muda usipolisasisha. Organic Maps unapakua nchi nzima, unatafuta na kuongozwa kwa gari, baiskeli au miguu bila mtandao hata kidogo, bila akaunti na bila matangazo. OsmAnd hufanya hayo na zaidi, ila toleo la bure lina kikomo cha ramani za kupakua, na mipangilio yake ni mingi mno kwa asiyezoea. HERE WeGo, programu nyingine ya ramani, nayo hufanya kazi bila mtandao na barabara kuu inazo, lakini ukitafuta zahanati au gesti ya wilayani utarudi mikono mitupu mara nyingi.

Garmin ya mkononi ina faida nyingine: kioo kinasomeka juani, inavumilia vumbi na kuanguka, na baadhi ya aina za eTrex hutumia betri ndogo zinazopatikana dukani. Simu iliyoachwa kwenye dashibodi saa saba mchana hupata moto na kujizima, na hilo hutokea ukiwa umeihitaji zaidi.

Nani anarekebisha kosa?

Kipimo hiki ndicho ninachokipa uzito kuliko vingine, na ndicho kisichotajwa dukani. Google unapendekeza mabadiliko kisha unasubiri wakubali. Lingine linapita haraka, lingine linakwama. OpenStreetMap unarekebisha mwenyewe, na ramani kuu hubadilika ndani ya dakika chache, ingawa wenye ramani za kupakua wataliona wakishasasisha. Huhitaji ufundi: programu ya StreetComplete hukuuliza maswali mepesi ukiwa umesimama mahali, mfano uso wa barabara ni lami au udongo. Garmin unaripoti, unasubiri toleo lijalo.

Mama mjamzito akipata dharura, mfumo wa m-mama hupigiwa simu kwa namba 115 na gari hutumwa, la wagonjwa au la dereva wa jamii. Dereva asiyeijua njia ya kijiji hicho ataiamini simu yake. Pini ya zahanati ikiwa kilomita mbili pembeni, dakika anazopoteza ni za mama yule. Kama unafanya kazi kwenye kituo cha afya, toka nje, simama mlangoni, uiweke pini sahihi Google na OpenStreetMap pia, kwa jina lile ambalo wanakijiji hulitumia.

Uchague ipi?

Wa mjini mwenye gari au wa kusambaza vifurushi: Google, na bando la kutosha. Bodaboda na wanaofika hadi mlangoni uswahilini: Google kwa kulijua eneo, Organic Maps kwa vichochoro. Watu wa miradi ya vijijini, afya na elimu: Organic Maps iwe ya kwanza, OsmAnd kwa mwenye subira ya kujifunza, na ramani ipakuliwe mkiwa bado mjini kwenye waifai. Wa hifadhini na safari ndefu za porini: Garmin yenye Tracks4Africa, na simu yenye Organic Maps mfukoni kama akiba. Wa malori ya Tunduma na mipakani waweke Google kwa ajili ya foleni, lakini uzito wa madaraja na mahali pa mizani wawaulize madereva wenzao, maana Google imetengenezwa kwa magari madogo.

Na kama fedha inatosha kitu kimoja tu, usinunue kifaa kipya. Nunua kishikio imara cha simu, chaja ya gari na waya wa akiba, kisha pakua Organic Maps bure.